Kazi za Kila Siku za Mwenye Punda

Katika sehemu nyingi za Kenya punda ndiye gari la mtu mwenye shamba dogo. Huko Kiambu na Limuru huchukua maji na majani ya ng'ombe. Katika mashamba ya Mwea huvuta mikokoteni ya mpunga mpaka kinuni. Ukambani wanawake humtegemea wakati wa kiangazi, mito inapokauka na maji kuwa mbali. Wamasai na Waturkana humtwika vyombo vya nyumba nzima wanapohama. Na katika mji wa Lamu, ambao vichochoro vyake ni vyembamba mno kwa motokaa, yeye ndiye mwenye kubeba mawe ya kujengea, mchanga na bidhaa za madukani. Pamoja na hayo yote, hapana mnyama wa nyumbani anayeangaliwa kwa uchache kama yeye. Ng'ombe akikohoa siku moja tu, mwenyewe huuliza habari za dawa. Punda akichechemea juma zima, husemwa kuwa ni mvivu.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ng'ombe hutoa maziwa, na maziwa hupimwa na kuuzwa, basi kila mtu huiona faida. Faida ya punda imejificha katika muda ambao watu wa nyumba hawakuupoteza. Tuseme nyumba moja hutumia madebe manne ya maji kwa siku, na mto uko mbali, kwenda na kurudi ni muda wa saa mbili. Debe moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mama hawezi kuchukua zaidi ya moja kwa safari. Basi atakwenda mtoni mara nne, yaani saa nane za kila siku ya Mungu. Punda mmoja mwenye debe moja kila upande atafanya kazi hiyo kwa safari mbili. Punda wawili wataimaliza kwa safari moja. Siku ambayo punda hawezi kusimama, mzigo hurudi juu ya mgongo wa mama, na aghalabu mtoto mmoja hukosa shule ili kumsaidia. Hii ndiyo hesabu ya kukumbukwa na mwenye punda anapoona uvivu kumtazama mnyama wake kwato.

Kazi ya asubuhi

Kazi ya kwanza ya asubuhi huwa ni ya macho. Kabla ya kumfungua punda, mwenyewe husimama kidogo kando na kumtazama. Punda mzima hugeuza masikio kuelekea sauti ya mtu, husimama juu ya miguu yote minne, au hupumzisha mmoja wa nyuma tu, na huja kutafuta chakula. Mgonjwa huinamisha kichwa, masikio yakalegea kando, akasimama mbali na wenzake. Pengine hakuna dalili nyingine yoyote. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa punda hana kelele za maumivu kama za mbwa au nguruwe. Asili yake ni punda-mwitu wa Afrika, ambaye wachache wake wamesalia katika nchi kavu za Ethiopia, Eritrea na Somalia; na mnyama wa nyikani anayeonyesha udhaifu wake huwa ndiye wa kwanza kuliwa. Wataalamu waliochunguza damu ya punda wa nchi nyingi walitangaza katika mwaka 2022 kuwa punda wote wa kufugwa wametokana na wale waliofugwa Afrika kiasi cha miaka 7,000 iliyopita. Miaka yote hiyo haikumfundisha kulia anapoumwa. Kwa hiyo punda aliyenyamaza na kuzubaa huenda akawa ana maumivu ambayo yangemfanya farasi kugaagaa chini.

Kisha hutazamwa mavi yake ya usiku. Yanapasa kuwa mabonge yenye unyevu kidogo, yanayovunjika kwa urahisi. Yakiwa makavu na madogo, maji yamepungua. Yakikosekana kabisa, kuna hatari tumboni. Anayetaka kujua zaidi na ahesabu pumzi kwa kutazama ubavu: punda aliyetulia huvuta pumzi kiasi cha mara 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga karibu mara 44. Joto la mwili wake ni digrii 37 na kitu kidogo. Likipita 38 hali ametulia kivulini, daktari wa mifugo aitwe.

Liko jambo moja ambalo kila mwenye punda yampasa kulijua kama anavyojua jina lake. Punda asiyekula hawezi kungojewa. Ng'ombe anaweza kukataa majani siku moja akapona mwenyewe, lakini mwili wa punda aliyekosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga katika damu kwa wingi mno, hata ini na figo zikashindwa kazi. Punda wanene na majike wenye mimba ndio wapatikanao upesi zaidi. Mambo haya yakishika njia, kumponya ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo kusema, "Tumwache tumwone kesho kutwa," ni kauli iliyowaua punda wengi.

Kwato

Baada ya kutazama huja kazi ya kwato, nayo haichukui zaidi ya dakika tano. Mguu huinuliwa kwa upole baada ya mkono kushuka pole pole kutoka begani au kiunoni, ili mnyama asishtuke. Kwa kijiti kigumu au kichuma butu kilichopindwa, udongo, mavi na vijiwe huondolewa, kuanzia nyuma ya ukwato kuelekea mbele. Katikati ya unyayo iko sehemu laini yenye umbo la ncha ya mkuki; hii haifai kuchomwa wala kukatwa, maana ndiyo inayopokea kishindo cha mwendo. Mifereji iliyo pande zake mbili ikitoa uchafu mweusi wenye harufu mbaya, ukwato umeanza kuoza, na sababu karibu kila mara ni moja: punda analala katika tope la mavi na mikojo yake. Kumpaka dawa na kumrudisha katika tope lile lile ni kutupa fedha.

Ukwato hukua kama ukucha wa mtu, kwa kadiri ya sentimita moja au pungufu kwa mwezi. Punda atembeaye juu ya mawe na lami huumaliza mwenyewe, pengine kupita kiasi; yule wa udongo laini hurefuka kwato hata zikapinda juu kama viatu vya zamani, na kano za miguu zikavutwa. Punda wa namna hiyo hukatwa kwato kila majuma 8 au 10 na mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa kisu na tupa. Asiyejua asijaribu kwa panga. Hata fundi wa kwato za farasi yafaa aonywe, kwa kuwa ukwato wa punda umesimama wima zaidi, na akiukata kwa mfano wa farasi humharibu.

Chakula na maji

Mafundi wa mifugo husema kuwa mwenye ng'ombe anayenunua punda humlisha kama ng'ombe, na hapo ndipo taabu huanza. Punda hacheui. Tumbo lake ni dogo, na majani yake huchachuka katika utumbo mkubwa wa nyuma. Kwa hiyo ameumbwa kula kidogo kidogo, karibu mchana kutwa na sehemu ya usiku. Akifungwa njaa toka asubuhi mpaka jioni kisha apewe rundo kubwa kwa mara moja, tumbo lake husokotwa. Tena, kwa maumbile yake hawezi kutapika. Kila kitu kibaya alichokimeza hapana budi kipite ndani yote.

Kipimo cha kawaida ni kilo 2 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake. Punda wa kilo 150, basi, huhitaji kilo 3 kwa siku, na zaidi kidogo akiwa kazini au akinyonyesha. Majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwa, na majani ya mpunga kwa watu wa Mwea, vyote vyafaa, na hapo ndipo penye urahisi wa punda: hunenepa kwa chakula ambacho ng'ombe wa maziwa angekondea. Nafaka si lazima. Konzi chache za pumba kwa siku ya kazi nzito zinatosha. Akipewa mahindi mengi kwa nia njema, huweza kushikwa na ugonjwa wa kwato kuwaka moto, akashindwa kukanyaga. Jiwe la chumvi liwekwe mahali anapoweza kulilamba apendapo.

Mahindi yaliyoota ukungu ni sumu. Watu wengi huwachagulia watoto wao mahindi mazuri, na yale yaliyoharibika humpa punda wakidhani kuwa tumbo lake ni la chuma. Aina moja ya ukungu wa mahindi huzaa sumu inayoyeyusha ubongo wa punda na farasi. Mnyama huzunguka-zunguka kama kipofu, husukuma ukuta kwa kichwa, kisha huanguka na kufa, na majirani husema amerogwa. Kadhalika majani na maganda ya parachichi hayamfai, wala mbegu za mbarika, ambazo chache tu zatosha kuua. Mifuko ya plastiki ilikatazwa Kenya Agosti 2017, lakini hata baada ya katazo hilo mabaki yake bado yamo majaani. Punda mwenye njaa aliyeachwa kujitafutia sokoni huila pamoja na maganda ya ndizi, ikajifunga utumboni kama kizibo.

Maji ni lita 10 mpaka 25 kwa siku kwa kadiri ya jua na kazi. Punda ni mteuzi wa maji kuliko farasi. Ndoo yenye harufu ya sabuni au utando wa majani humfanya arudi na kiu yake. Apewe kabla ya kutoka, adhuhuri, na jioni. Wako wazee waliofundisha kuwa mnyama mwenye jasho asipewe maji hata apoe. Mafundisho ya siku hizi ni kwamba apewe, ila kwa vipande: anywe kidogo, apumue, anywe tena.

Mzigo na mkokoteni

Kwa mzigo wa mgongoni, kadiri iliyo salama ni theluthi moja ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wengi wa nchi hii wana kilo 120 mpaka 180, basi mzigo wao ni kilo 40 mpaka 60 pamoja na matandiko. Madebe mawili yaliyojaa yanatosha mnyama wa kadiri. Madebe manne ni kilo 80, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa punda wa kilo 150, na punda wa namna hii huonekana kila siku njiani, miguu ikimtetemeka, nyuma yake mtoto mwenye fimbo.

Lakini uzito peke yake si jambo lote. Mzigo wa kilo 40 uliofungwa vibaya huumiza kuliko wa 60 uliotulia. Uti wa mgongo wa punda umetokeza juu, na ngozi iliyoufunika ni nyembamba. Kwa hiyo matandiko yatengenezwe kwa mito miwili minene, mmoja kila upande, na katikati kuwe na mfereji ili kitu chochote kisiguse uti. Mito hiyo hujazwa majani makavu au matambara na kufunikwa kwa gunia la pamba au blanketi kuukuu. Watu wa pwani tangu zamani wamekuwa na shogi, kikapu kikubwa cha ukindu chenye mifuko miwili inayoning'inia ubavuni huku na huku, nacho ni chombo chenye akili nyingi: uzito hugawanyika wenyewe, na mwenye kupakia huona mara moja upande mmoja ukizidi. Debe moja likiwa na maji na la pili tupu, matandiko huvutwa upande mmoja na kusaga ngozi safari nzima.

Mwenye mkokoteni huweza kuchukua mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa uzito hukaa juu ya magurudumu na punda huuvuta tu. Sharti lake ni kwamba mkokoteni uwe sawa. Jaribio lake ni rahisi: mkokoteni ukiisha kupakiwa, mtu na ainue miti ya mbele kwa mkono mmoja. Ikiwa mizito, mzigo umewekwa mbele mno na punda ataubeba mgongoni; ikiruka juu yenyewe, umewekwa nyuma mno, na mshipi wa tumboni utamkaba. Magurudumu yajazwe upepo na mhimili upakwe grisi. Gurudumu lililokosa upepo ni sawa na kuongeza magunia.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumvalisha punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, naye husukuma nira kwa shingo na nundu yake. Punda hana nundu. Nguvu zake zimo kifuani. Mti ukiwekwa shingoni mwake huteleza, hugonga mifupa, na katika muda wa juma moja huacha kidonda kama sahani. Kinachomfaa ni mshipi wa kifuani, wenye upana wa vidole vinne au zaidi, uliopita chini ya koromeo na juu ya kiungo cha bega. Ukiwa juu mno humziba pumzi, ukiwa chini mno huzuia miguu ya mbele. Tena uwepo mshipi wa nyuma, chini ya mkia, wa kuzuia mkokoteni mteremkoni. Bila huo mkokoteni humgonga miguu ya nyuma, naye hukimbia kwa hofu, na hivyo ndivyo ajali nyingi za barabarani zinavyotokea. Turubai lililokunjwa na kushonwa hufaa kwa mishipi. Kamba ya nailoni hukata kama msumeno, na vipande vya magurudumu ya motokaa vina nyaya ndani yake ambazo hutokeza baada ya siku chache.

Saa sita za kazi kwa siku zatosha, na mapumziko ya adhuhuri yasihesabiwe ndani yake. Siku moja katika juma punda hapaswi kufungwa kabisa.

Fimbo hazisaidii kama watu wanavyofikiri. Methali isemayo kuwa shukrani ya punda ni mateke imemharibia jina bure. Punda akiogopa hasimami kukimbia ovyo kama farasi. Husimama kabisa, akafikiri. Mpigaji huona ukaidi. Mara nyingi ameona shimo, au daraja lenye nyufa, au mshipi umemchoma, na akiongozwa kwa kamba na mtu anayetangulia mbele hupita. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, huhesabu kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita nguvu zake, na kumfanyisha kazi hali ana kidonda au ugonjwa.

Vidonda na pepopunda

Jioni matandiko yakiisha kuondolewa, mkono mtupu hupitishwa juu ya mgongo, kifua, chini ya mkia na mahali pote pa mishipi. Mkono huona kabla ya jicho: mahali penye joto, au nywele zilizolala vibaya, au mnyama alipotetemeka ngozi, ndipo kidonda cha kesho kutwa kitakapotokea. Hapo dawa yake ni kurekebisha matandiko na kumpumzisha siku mbili. Kidonda kikiisha kufunguka, majuma matatu au manne ya kazi hupotea.

Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi: kijiko kimoja kidogo katika nusu lita. Hamna haja ya zaidi kwa kidonda kidogo, ila kufukuza nzi na kukiacha kikauke. Oili chafu ya magari, maji ya betri, majivu ya moto na mavi ya ng'ombe, vyote hivi hutumiwa na watu wenye huruma, navyo vyote huchoma nyama nzuri au kuleta uchafu. Kidonda kirefu, chenye usaha, au cha karibu na kiungo ni kazi ya daktari wa mifugo. Huko Lamu iko hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na chama cha Uingereza cha kuwatunza punda, ambayo hutibu bila malipo.

Hatari ya kidonda si usaha peke yake. Lugha yetu imeuita ugonjwa wa kukakamaa kwa jina la pepopunda, na jina hilo halikutoka hewani. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika matumbo ya wanyama, hasa punda na farasi, bila kuwadhuru. Lakini vikiingia katika kidonda kirefu kilichofungika, kama cha msumari uliopenya ukwato, huzaa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Mnyama hutembea kama ametengenezwa kwa mbao, masikio yamesimama wima, mkia umenyanyuka, na utando wa kona ya jicho huruka ukalifunika jicho akishtuliwa kidogo. Kisha taya hufunga. Wengi hufa. Kinga yake ni sindano mbili zinazopishana mwezi mmoja au zaidi kidogo, kisha hurudiwa kama aagizavyo daktari, na gharama yake ni ndogo sana kuliko bei ya punda. Mtu mwenye kuwahudumia punda naye yafaa achanjwe, kwa kuwa ugonjwa huo humwua mtu kwa namna ile ile.

Usiku

Manyoya ya punda hayana mafuta ya kuzuia maji kama ya farasi. Mvua ya Kinangop au ya Limuru humpenya mpaka ngozini, na punda aliyelowa usiku kucha huamka na homa ya mapafu. Banda la mita 3 kwa 3 linatosha wawili: paa lisilovuja, ukuta upande wa upepo, na sakafu iliyoinuka kidogo ili mikojo itoke. Mavi hukusanywa kila asubuhi. Hili huzuia minyoo na kuoza kwa kwato, na mavi hayo yakirundikwa miezi michache hata yakaiva huwa mbolea njema ya mboga.

Wawili ni bora kuliko mmoja, si kwa ajili ya mzigo tu. Punda hushika urafiki, na akitengwa na mwenzake huweza kukataa chakula, nasi tumekwisha ona hatari yake. Mmoja akifa, yafaa aliyebaki aachwe karibu na maiti kwa muda ili aone mwenyewe. Wasiofanya hivyo huwasikia wakilia na kutafuta siku nyingi.

Kufuli ya banda nayo ni sehemu ya utunzaji. Tangu mwaka 2016 yalifunguliwa Kenya machinjio ya punda, Baringo, Naivasha na kwingineko, kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kuchemshwa na kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Wezi wakaingia mabomani usiku, na watu waliolala na punda wanne waliamka na kukuta vichwa na kwato vichakani. Hesabu ya serikali ya mwaka 2009 ilikuta punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, aliyapiga marufuku machinjio hayo; Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri yake; na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kukataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Mwenye punda hufanya vema kumtia alama inayojulikana na majirani, kutomwacha alale malishoni, na kutomnunua mnyama kwa mtu asiye na kibali cha kusafirisha mifugo.

Punda waliopotea hawarudishwi upesi. Jike huchukua mimba kiasi cha miezi 12, pengine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Katika miezi mitatu ya mwisho hafai kubebeshwa mzigo, wala katika miezi mitatu ya kwanza ya kunyonyesha. Mtoto mzima husimama na kunyonya katika muda wa saa mbili au tatu. Asiponyonya maziwa yale mazito ya kwanza katika nusu siku, hukosa kinga ya maradhi na aghalabu hafiki mwezi. Huachishwa akiwa na miezi sita. Mifupa yake haijakomaa mpaka apate miaka minne, na akitwikwa madebe akiwa na miaka miwili, mgongo wake hubonyea na hautanyoka tena. Basi mtu ambaye punda wake amekufa leo, akaanza upya kwa jike lililopandwa leo, atangoja miaka mitano kabla ya kumtuma mtoto wake mtoni.